Shavu la Nafuna

Bilha Nafuna alizaliwa na jina lake usoni. Watoto wengine wa Kabuchai hulia, wakatajiwa marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine mpaka wanyamaze kwa jina litakalokuwa lao. Kwake yeye hakuna aliyehangaika. Doa la rangi ya wingu la mvua lilitanda kutoka ukingo wa jicho la kushoto mpaka shavuni, palepale alipokuwa nalo marehemu nyanya yake Nafuna. Mzee Wepukhulu akamnyanyua binti yake, akatangaza kwamba mama yake amerudi. Tangu siku hiyo alimwita Mama, hata mbele ya wageni, na Bilha alitembea kifua mbele kwa sababu hiyo.

Kitale, alikoolewa, mambo yalikuwa mengine. Alishona sare za shule, na kila mteja mgeni aliyeingia dukani aliliangalia lile jicho, kisha akamwangalia mumewe. Wanjala, jamani! Mtu ambaye hata kuku wa Krismasi huchinjiwa na jirani. Mara mchungaji akamwita pembeni amwonye kuhusu kupiga mke. Mara akina mama wa kikundi wakamnong'oneza Bilha arudi kwao kabla hajauawa. Bilha alicheka miaka mingi. Halafu siku moja akamwona Wanjala akichomoka kwa mlango wa nyuma wateja walipoingia, na kicheko kikamwishia hapohapo.

Basi mwaka wa tisini na sita, Chemutai, muuguzi aliyekuwa akishonewa pale dukani, akamwambia kuna daktari wa ngozi Nairobi mwenye mashine ya leza, mwanga unaovunjavunja rangi iliyojificha ndani ya ngozi bila kisu. Bilha akaenda. Wakajaribu kwanza kipande kidogo kando ya sikio, maana ngozi nyeusi haitaki haraka. Ikiunguzwa hubaki na baka. Akafunikwa macho, na ule mwanga ukamchoma kama mafuta ya maandazi yanayoruka kutoka kwenye karai. Alirudi tena na tena, zaidi ya mwaka mzima, na huku nyumbani akilikimbia jua kwa kofia pana hata sokoni wakasema ati siku hizi amekuwa memsabu. Memsabu kitu gani! Alivumilia, doa likafifia polepole, na asubuhi moja akajitazama kwenye kioo cha wateja akaona uso wake wote una rangi moja. Alijipenda, wala hakuona haya kujipenda.

Lakini Kabuchai hakuwa amekanyaga muda huo wote. Alituma sukari na visingizio. Angemwambiaje baba kwamba amemfuta mama yake? Na asipoitwa Mama tena, hilo shavu safi atalipeleka wapi?

Krismasi ilipofika, Wanjala akamwambia visingizio vimekwisha, wakaenda. Mzee alikuwa ameketi uani akipukuchua mahindi. Watu wa boma walipomwona Bilha wakasogea kumtazama, kisha wifi yake, aliyeolewa pale juzijuzi tu, akaguna kwamba huyu amemkana nyanya aliyempa jina. Mzee akaweka gunzi chini. Akamwita binti yake karibu, akamshika kidevu na kuugeuza uso wake kwenye jua, kidole kikipita taratibu mahali alipokuwa akipajua. Bilha akaanza kueleza, daktari, mwanga, Wanjala, lakini mzee akamkatiza.

"Nyanya yako wewe hukumjua," mzee akasema. "Alilichukia hili doa mpaka anaingia kaburini. Alipaka majivu, akapaka maziwa, akasugua kwa majani mpaka damu ikatoka. Mimi ndiye nilikuwa namtekea maji ya kunawa."

Machozi yalimshuka mzee na hakujisumbua kuyafuta. Akamgeukia yule mkaza mwana, akapaza sauti hata majirani wakasikia ng'ambo ya ua.

"Njoo uone. Alirudi kumaliza kazi yake. Mama, umeweza."

Kisha akaagiza jogoo achinjwe. Wanjala, aliyesimama katikati ya uwanja mbele ya watu wote bila kujificha, akapokea kisu na kuuliza jirani yuko wapi.