Kete za Utayari

Anayebisha na abishe, lakini kisa hiki ni kweli tupu. Msimulizi yuko radhi meno yake yaliyosalia yang'oke kama ameongopa hata kidogo.

Katika nchi ya Mfalme Kiboko, waliokwisha kuzimaliza shule zote walipanda kwa Mwalimu Kalunguyeye, bingwa wa tiba, kutafuta elimu ya juu kabisa. Miongoni mwao alikuwa Paa, mjane. Kikohozi kilikwisha kumchukulia mtoto wa kwanza, na wa pili naye alikuwa ameanza kukohoa. Paa hakutaka cheo. Alitaka dawa.

Mfalme, mpenzi wa bao, alisikia kwamba wasomi wanasinzia darasani. Waziri Kasuku akamshauri elimu igeuzwe mchezo: kabla ya somo, kila mmoja aoneshe utayari. Ukiwahi, kete. Ukipiga makofi, kete. Zilichongwa kwa pembe za mfalme aliyepita, zikavaliwa shingoni. Shingo ikijaa, ndipo uingie kwa Mwalimu.

Paa aliwahi, akapiga makofi mpaka kwato zikapasuka. Shingo ilipojaa, alisimama barazani.

"Mtukufu, niko tayari tangu masika. Nafundishwa lini? Mwanangu anakohoa."

"Taratibu, Bibi Paa," akasema Kasuku. "Ukifundishwa, utakosea. Ukikosea, kete zitapungua. Zikipungua, majirani watasema nchi yetu haiko tayari. Unataka kumwaibisha Mfalme kwa kikohozi cha mtoto?"

"Mwongezeeni kete ya subira," akasema Kiboko. Baraza likashangilia.

Paa akatoka mbio, akajipenyeza pangoni kwa Mwalimu, kete zikigongana shingoni. Kalunguyeye alikuwa amejikunja peke yake, vumbi limemlala mgongoni.

"Mwalimu, dawa ya kikohozi!"

Mzee akafikiri, akafikiri tena. "Kuna gome... huchemshwa. Au hutafunwa bichi? Mwanangu, tangu mchezo huu uanze sijaletewa mtu. Elimu nisiyoisema imenichachia kichwani."

"Jaribu, baba."

"Najaribu," akasema, machozi yakimtoka.

Wakabahatisha, wakachemsha. Mtoto akanywa, akalala, hakuamka. Kasuku alikuja matangani na kete ya rambirambi.

Kalunguyeye hakumaliza mwaka. Kiangazi kilipoingia, kikohozi kikamkamata Mfalme mwenyewe.

"Matabibu!" akakoroma.

Wasomi wakaja mbio, shingo zimewainama kwa uzito. "Tuko tayari, Mtukufu!" Wakapiga makofi, wakapiga, mpaka pumzi ya Mfalme ikakatika. Paa alisimama nyuma yao, kwato zake zimetulia mchangani.

Hapo Siwema, binti wa jirani anayesomea shahada ya uzamili, aliyeketi mkekani na wasikilizaji wengine, akamkatiza msimulizi.

"Babu, umetudanganya."

"Wapi, mjukuu wangu?"

"Kwenye kete. Za pembe wapi! Zetu za chuoni ni za plastiki."

Akazitoa mkobani, akazimwaga mkekani. Hakuna aliyecheka. Msimulizi akamwita muuza kahawa, akawalipia wote, faini ya zile pembe.