Doa Lisilozuia Kazi

Kwa jina la Mola aliyekiumba kidogo kwa hekima ileile aliyokiumbia kikubwa, asiyefichikiwa na tone wala bahari; na rehema na amani zimshukie Mtume wake, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, yafaa watu wa habari hii wapangwe kwanza, kila mmoja mahali pake, asije mmoja wao akadhulumiwa kwa kuchelewa kutajwa.

Wa kwanza ni Mzee Pumzi, fundi wa lenzi, marehemu. Wa pili ni binti yake wa pekee, aliyerithi benchi lake, vikombe vyake vya kusagia na ukali wake wa macho. Taasisi nzima ya utafiti wa seli, alimofanya kazi, ilimwita Bi Fundi. Wa tatu ni shangazi yake, dada wa marehemu, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kuugua. Wa nne ni Profesa, mkuu wa maabara. Wa tano ni Katibu, mtunza majalada na kanuni. Wa sita ni hadubini namba saba, ambayo ndiyo iliyowakusanya.

Asubuhi ya Jumanne, saa tatu kasorobo, Bi Fundi alikuwa karakanani, chumba cha chini kabisa cha taasisi, ambacho dirisha lake lilikuwa usawa wa viatu vya wapita njia. Kwenye ncha ya kijiti alikuwa amegandisha kwa lami kipande cha kioo chenye upana wa kifungo cha shati, na alikuwa akikizungusha ndani ya kikombe kilichopakwa unga mwekundu wa kung'arishia. Kilikuwa lenzi ya jicho la hadubini namba saba. Ile ya zamani ilikuwa imepasuka mwezi uliopita, na sherehe ya miaka hamsini ya taasisi ilikuwa Alhamisi.

Alikiosha, akakifuta, akakiinua kwenye mwanga, akakipulizia.

Huo ndio ulikuwa mtihani wa nyumba yao. Lenzi hupuliziwa pumzi moja, na ukungu wake ukiondoka kwa duara, kuanzia ukingoni kuja katikati, lenzi imefaulu. Ukiondoka upandeupande, lenzi inarudi kikombeni. Mtihani hufanywa mara mbili: kwanza hupulizia aliyesaga, kisha aliyemfundisha. Na sharti lililokuwa zito kuliko yote ni kwamba lenzi haifungwi ndani ya mrija mpaka ukungu uishe kabisa.

Mzee Pumzi alilishika sharti hilo miaka arobaini, akalivunja mara moja. Ilikuwa siku yake ya mwisho. Kifua kilikuwa kimembana, na alitaka namba saba ikamilike kabla ya adhuhuri. Alipulizia lenzi ya chini, akaifunga na ukungu wake, akaenda kuswali, akatoa salamu kulia na kushoto, akafariki akiwa ameketi. Pumzi ikabaki ndani ya kioo, naye akabaki nayo. Binti yake hakuwa amewahi kumkabidhi lenzi hata moja ya kupuliziwa. Tangu hapo alifanya mitihani yote miwili peke yake, na pumzi ya pili kila mara aliiona kama ya kuazima.

Wiki moja baada ya mazishi, Profesa aliweka ncha ya mzizi wa kitunguu chini ya namba saba. Aliona seli zimepangana kama matofali ya ukuta, na katika seli ya nne kutoka kushoto alimwona Mzee Pumzi ameketi juu ya kigoda chake, kofia kichwani. Profesa akazungusha skrubu kidogo, mzee akaonekana vizuri zaidi. Ndipo akamwita Bi Fundi mlangoni pa maabara.

"Baba yako yumo ndani ya seli."

"Amekaaje?"

"Vizuri tu. Ananinyooshea kidole, kuelekea kulia."

"Basi tazama kulia, Profesa. Baba hakuwa mtu wa kunyoosha kidole bure."

Profesa akatazama kulia, akaona kiini cha seli kikijitayarisha kugawanyika. Akatazama miaka kumi na tisa, kila siku ya kazi, kule mzee alikoelekeza. Alichapisha makala thelathini na moja, na jina lake likawa linatajwa katika vikao ambavyo yeye mwenyewe hakuhudhuria. Ndani ya makala zote aliandika kwa uaminifu kwamba uchunguzi ulifanywa kwa hadubini namba saba.

Jambo moja lilimpendeza Profesa zaidi. Seli aliyokaa mzee ilipogawanyika, mzee naye aligawanyika, akawa wawili, kila mmoja mzima, na kigoda nacho kikawa viwili. Kila mmoja alimtazama mwenziwe, wakaamkiana, wakaendelea na kazi.

Bi Fundi alipoelezwa hayo hakuuliza mengi, kwa kuwa alikuwa na silsila, mnyororo wa waliomtangulia kazini. Mzee Pumzi, enzi za uhai wake, alikuwa akimsomea binti yake silsila ya kazi yao kama isomwavyo silsila ya masheikh: kwamba zamani, katika nchi za baridi, alikuwapo mtu aliyekata gome la mti kwa wembe, lile la kuzibia chupa, akaliweka chini ya hadubini, akaona vyumba vitupu vimepangana, kwamba akafuata muuza vitambaa, aliyezoea kukagua nyuzi kwa kioo, akajisagia vioo vidogo mno, akatazama tone la maji, akaona viumbe vikiogelea, kwamba ikapita miaka mia moja na sitini na zaidi ndipo wanazuoni wawili, mmoja wa mimea na mmoja wa wanyama, wakasema kila chenye uhai kimejengwa kwa seli, na kwamba waliokuja baadaye wakathibitisha kuwa hakuna seli ila imetoka kwa seli.

"Muuza vitambaa ndiye wetu," mzee alikuwa akisema. "Kasaga mwenyewe, katazama mwenyewe. Hao wengine muulize msomi yeyote majina yao, atakutajia kwa mlolongo. Kisha muulize nani aliwasagia vioo. Atakohoa."

Sasa taasisi ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na mlangoni pake lingewekwa bamba la shaba lenye maneno WALIOIONA SELI, na chini yake majina saba ya wanazuoni. Bi Fundi alikuwa ameandika barua kuomba jina la nane, la baba yake. Siku hiyo ya Jumanne, lenzi ilipokwisha kufaulu pumzi zake mbili, aliifunga katika kitambaa, akapanda kwa Katibu kuchukua jibu. Shangazi yake alifuatana naye, bila kualikwa.

"Kaka yangu namtafuta kaburini kila Ijumaa," shangazi alisema kwenye ngazi, akihema, "kumbe yeye kajikalia zake kwenye kitunguu. Ndio maana macho yalikuwa yananiwasha."

"Shangazi, tukifika niachie mimi niseme."

"Sema wewe. Mimi nitaguna tu."

Katibu aliwapa viti, akafungua jalada.

"Ombi lako limesomwa, Bi Fundi, na limesomwa kwa heshima. Ila bamba ni la waliotazama, si la waliotengeneza."

"Baba ametazama miaka kumi na tisa. Hata likizo hajachukua."

"Hilo halipingwi. Lakini ametazama kutoka chini. Kanuni inasema waliotazama kwa kupitia jicho la hadubini, na jicho liko juu."

Shangazi akaguna.

"Tena kuna suala la daftari la vifaa," Katibu aliendelea, akafungua ukurasa na kusoma. "Hadubini namba saba. Hali: nzuri. Kasoro: doa moja la mtu mzima, lisilozuia kazi."

"Nani kaandika doa?"

"Profesa mwenyewe, na kwa nia njema. Angeandika mtu, wakaguzi wangeuliza anakaa humo kwa kibali gani. Wangemhamisha."

Bi Fundi alilitazama neno lile. Liliandikwa kwa mwandiko mzuri.

"Doa!" shangazi alisema. "Mtu aliyekuwa akifua kanzu yake mara mbili kwa wiki!"

"Twende, shangazi."

"Nakwenda. Na wewe, mwanangu Katibu, siku ukifa jihadhari usikae mahali penye kukaguliwa."

"Nitajihadhari, bibi," Katibu alisema, na alimaanisha.

Siku ya Alhamisi bamba lilifunuliwa. Lilikuwa na majina saba, la Profesa likiwa la mwisho na lenye herufi zilizochongwa kwa kina zaidi. Hotuba zilikuwa nne. Kisha wageni wakapanga foleni kutazama namba saba, na kila aliyeinama alisema "Shikamoo, mzee," akasubiri kidogo, akainuka ameridhika. Profesa alisimama kando akiwaeleza kwamba seli ya nne ndiyo ya asili, na kwamba wazee wote wanaoonekana leo wametokana na mzee wa seli hiyo.

Wageni walipokwisha, Profesa alimwona Bi Fundi amesimama nyuma, karibu na mlango, katika viatu vyake vya karakana. Kiti cha kutazamia kilikuwa cha wanazuoni, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyefikiri kumwambia aketi, wala yeye hakuomba.

"Njoo uikague lenzi yako," Profesa alisema. "Hilo kanuni inaruhusu."

Bi Fundi akaketi, akainama.

Seli zilikuwa zimejaa uwanja mzima wa mwanga, safu kwa safu, na hapakuwa na hata moja iliyo tupu. Katika kila moja alikuwamo baba yake. Walikuwa wameacha kunyoosha vidole. Wote waliinuka vigodani kwa pamoja, wakaweka kofia zao sawa, wakainua nyuso zao juu, kwenye lenzi ya jicho, lenzi yake yeye. Wakavuta pumzi, wakapulizia.

Uwanja ukawa mweupe wote kwa ukungu. Bi Fundi hakuondoa jicho. Akahesabu kimoyomoyo kama alivyofundishwa. Ukungu ukaanza kuondoka ukingoni, pande zote sawasawa, ukaja katikati kwa duara lisilo na kovu, ukawa kama sarafu, ukawa kama nukta, ukaisha. Baba zake wote wakatikisa vichwa mara moja, kama alivyokuwa akitikisa mmoja, wakakaa, wakarudi kazini.

"Vipi?" Profesa aliuliza.

"Imefaulu," alisema Bi Fundi.

Alitoka akiwa amenyoosha mgongo. Mlangoni shangazi alikuwa anasoma bamba kwa kidole, jina kwa jina.

"Hayumo," shangazi alisema.

"Hayumo."

"Wewe mbona unatembea kama aliyevishwa taji?"

"Kanipulizia lenzi, shangazi."

Shangazi aliondoa kidole kwenye bamba. Kisha akaguna, na safari hii mguno wake ulikuwa wa namna nyingine.

Bamba lipo hadi leo na majina yake saba, na daftari la vifaa bado linasema doa. Mola amrehemu Mzee Pumzi na wote waliosaga wakaonyesha wengine. Ampe binti yake mkono usiotetemeka na pumzi ndefu. Awape afya shangazi, Profesa na Katibu. Na sisi tuliobaki atujaalie macho ya kuwaona waliotushikia mwanga. Amina.