Mawe ya Mzee Hakim

Mzee Hakim wa Ludara hakuwa na meno ya mbele. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na umeme, hakuwa na mtoto aliyebaki nyumbani. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba amekosea, isipokuwa mkewe Sitti, na Sitti naye hakuwa na macho. Ukungu ulikuwa umemfunika mboni zote mbili, akawa anamjua mtu kwa sauti na kitu kwa kukipapasa. Tena hakuwa na sanduku la chuma. Bunduki alikuwa nayo.

Ilikuwa bunduki ya halali, yenye leseni, ya kufukuzia nyani na nguruwe mwitu shambani. Usiku aliilaza chini ya kitanda. Risasi zake, zile nene zenye kitako cha shaba, alizificha jikoni katika mkebe wa majani ya chai. Bunduki huku, risasi kule: aliona hiyo ndiyo akili. Tena neno risasi halikutamkwa nyumbani kwake. Alizaliwa katika ukoo wa askari, na wazee wa ukoo walimfundisha kwamba mpakani kama huku kuta zina masikio na risasi zina wanunuzi. Kwa hiyo aliziita mawe. "Mawe yangu iko salama," alikuwa akiwaambia rafiki zake kwenye simu, huku akicheka.

Kila mtu wa wilaya yetu ya Koboko anajua kwamba mawe ni betri za redio na tochi. Hakim pia alijua. Ndiyo maana jina lilimpendeza: nani angeiba betri za mzee?

Asubuhi moja ya masika alikuwa mjini Arua. Alikuwa amelala mtaa wa Awindiri kwa binti yake Night, kisha akaipeleka bunduki polisi ikaguliwe kabla ya leseni kuongezwa muda. Afisa aliyeipokea aliitwa Eyotaru, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno.

"Mzee, hii unaweka wapi nyumbani?"

"Chini ya kitanda, afande. Mimi nalala juu yake kama kuku juu ya mayai."

"Kuku anatoka kwenda kula. Iko na kufuli?"

"Iko na mimi!"

Eyotaru hakucheka. "Na risasi?"

"Jikoni, mbali kabisa. Hata mama ya nyumba hajui. Sisi tunasema mawe."

Afisa akaweka kalamu chini. "Mawe? Nyumba yako iko na redio, mzee?"

Hakim alianza kuitafuta simu mfukoni. Alikumbuka jana yake, alipokuwa akifunga mzigo. Sitti alikuwa amelalamika kwamba redio imekufa na yeye hasikii matangazo ya vifo. Watu watazikwa bila yeye kujua. "Na zile mawe za mkebe, unazojisifu nazo kwa simu?" aliuliza. Hakim, kwa haraka ya safari, akamjibu, "Zile zimechoka. Achana nazo."

Zimechoka. Na Ludara nzima inajua dawa ya mawe yaliyochoka: yanaanikwa juani yapate nguvu, na jua likikosekana yanawekwa kando ya moto. Mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri.

Akapiga simu, kidole kikiruka vitufe. Ililia sana kabla haijapokelewa.

"Baba Night! Umefika salama?"

"Mama Night, mkebe wa chai uko wapi?"

"Hata salamu hakuna? Mkebe uko mahali yake. Nimetoa mawe yako. Iko pembeni ya moto, inaota. Lakini ni nyembamba kuliko zile za redio, sijui itakaa vipi."

Hakim aliikamata simu kwa mikono miwili. "Toka nje! Sitti, toka nje sasa hivi!"

"Unapiga kelele kwa nani? Mimi si askari yako. Ngoja nitoe sufuria ya maharage, isiungue."

"Acha sufuria! Hiyo si mawe! Hiyo ni ri..."

Mlio ukapasuka sikioni mwake. Kisha simu ikanyamaza.

Alipiga tena. Simu ikajibu kwamba mtu huyo hapatikani. Akampigia jirani yao, Mindra. Simu ikalia bila kupokelewa. Eyotaru alikuwa tayari amesimama, anampigia mwenzake wa kituo cha karibu na Ludara. "Nenda, mzee," alisema. "Bunduki inabaki hapa."

Hakim alimshika mwenye pikipiki ya boda begani akamwambia Ludara, asiulize hata nauli. Mvua ilimpiga usoni njia nzima. Hakuisikia. Alikuwa akiusikia ule mlio, na kabla yake sauti ya mkewe ikiihurumia sufuria. Alijaribu kusoma dua. Maneno aliyoyajua tangu utotoni yakachanganyika mdomoni. Aliomba Sitti awe amekasirika. Akikasirika huwa anatoka nje. Mungu wangu, awe amekasirika.

Walipokata kona ya nyumbani aliona wanawake wameketi chini mbele ya nyumba, wamejifunika khanga. Kwetu wanawake hawaketi hivyo bure. Akashuka kwenye boda akashika nguzo ya ua, akawa hawezi kusogea mbele wala kurudi nyuma.

"Nani huyo anahema kama punda?" sauti ikauliza katikati ya wanawake. "Baba Night, ni wewe? Mawe yako iko na kelele kuliko redio yenyewe!"

Alikuwa hai; majirani walikuwa wamekuja kumpa pole. Mindra alikuwa amemfunga kitambaa sikioni, na damu ilikuwa imekauka shingoni mwake. Kweli Sitti alikuwa amekasirika kwa kupigiwa kelele, akaiacha sufuria motoni. Alikuwa ameshafika mlangoni, akaiangusha simu kwa mshtuko. Kipande cha shaba kilimpitia sikio. Kingine kilitoboa sufuria, maharage yakamwagika, yakauzima moto kabla risasi nyingine hazijashika joto. Hakim hakuruhusu mtu kuingia jikoni mpaka askari wa kituo walipokuja, wakasubiri majivu yapoe, wakazichukua risasi zote.

Kesho yake aliketi mezani na karatasi. Sitti alikaa karibu, sikio limevimba.

"Soma," Sitti alisema.

"Afande Eyotaru. Bunduki yangu iliyoko kwenu naomba ibaki kwenu. Sina sanduku la chuma. Siku nitakapolipata nitalijengea kwa saruji ukutani, na risasi zitakuwa na kufuli yake peke yake. Uje ukague kwa macho yako kabla hujanirudishia. Risasi nilizificha vibaya..."

"Umeandika mawe?"

"Nimeandika risasi."

"Nitajuaje?"

Hakim akaushika mkono wa mkewe, akaweka kidole chake juu ya neno, akakiburuta polepole toka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Andika pia kwamba sasa mimi najua," Sitti alisema. "Kila kitu. Na jina lake la kweli."

Akaandika. Gundi haikuwepo, kwa hiyo Sitti alichovya kidole katika ugali wa muhogo uliobaki, akapaka ukingo wa bahasha, akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashika. Mindra, aliyekuwa anashuka Arua sokoni, akaipokea, akaitia kifuani ndani ya nguo, akaondoka.