Jaribio la Sitini na Tatu

Majaribio sitini na mawili yalikuwa ya kijani, nami sikuliamini hata moja.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi Machi 2010, ofisini kwetu Stockholm. Tulikuwa tunamalizia tovuti ya manispaa ya kuombea watoto nafasi za chekechea. Ingefunguliwa Jumatatu. Kazi yangu ilikuwa kuandika majaribio: naiagiza programu ifungue kivinjari, ijaze fomu, ibonyeze vitufe, kisha inionyeshe kama majibu ni sahihi. Unakaa na kahawa yako ukitazama herufi zikijiandika zenyewe. Jaribio likifaulu ni la kijani, likishindwa ni jekundu. Na likiwapo jekundu hata moja, tovuti haitoki.

Majaribio yangu niliyapa majina ya Kiswahili. Waswidi walilalamika wiki moja, wakazoea.

Lakini familia zote ndani ya majaribio hayo ziliitwa Andersson. Mama Andersson, watoto Andersson. Nikamkumbuka jirani yangu wa mtaani kwetu Alby, Fébronie, Mkongo wa Butembo. Mwanawe mkubwa ni Kambale, binti yake ni Maombi, kila mmoja na jina lake kama ilivyo kwao. Hakuna la ukoo linalowaunganisha. Kambale yuko chekechea karibu na kituo cha treni. Jumatatu mama yao angemwombea Maombi nafasi hapo hapo, maana mwenye ndugu hutangulizwa. Akiikosa, Maombi angepelekwa Norsborg, mwisho wa reli, na Fébronie huanza zamu ya kutunza wazee saa moja asubuhi, mjini, upande mwingine kabisa. Ingembidi aache kazi.

Nikaandika jaribio la sitini na tatu, nikaliita mama_na_watoto_wa_majina_tofauti. Likawa jekundu. Tovuti ilimtafuta ndugu kwa jina la ukoo, ikamkosa, ikamsukuma Maombi mwisho wa foleni bila kumwambia mtu.

Okech, Mkenya aliyeiongoza timu yetu, akaja kusimama nyuma yangu.

"Dativa, hapa kilichoharibika ni jaribio lako. Lizime, tutaliangalia baada ya Jumatatu."

"Baada ya Jumatatu foleni itakuwa imeshapangwa, kaka."

"Familia kama hizo ni ngapi? Tatu?"

"Njoo Alby uhesabu."

"Nyinyi Wabongo. Kiswahili kirefu, kazi inalala."

"Mdogo wako anaitwa nani?"

"Anaingiaje hapa?"

"Nijibu tu."

"Omondi. Kwetu kila mtu na lake."

Nikabadilisha majina mawili. Kivinjari kikafunguka, kikaandika Okech, kikaandika Omondi, kikasimama. Jekundu. Ujumbe wa jaribio ulisema mtoto huyu hana ndugu.

Okech aliusoma mara mbili. Akavuta kiti, akaketi.

"Hii kitu imeninyima ndugu," akasema taratibu.

Hakulizima. Alikwenda mwenyewe kwa wakubwa kuwaambia kwamba tovuti haitoki. Tulitumia siku tano kuifundisha itafute ndugu kupitia namba za vitambulisho vya wazazi, na ikafunguliwa Alhamisi iliyofuata. Jioni hiyo Fébronie alinikuta kwenye ngazi, Maombi mgongoni.

"Dada Dativa, imekubali. Imeandika Kambale ni yaya yake. Merci sana." Kwao yaya ni kaka mkubwa.

Kesho yake Okech akanifuata mezani. Manispaa walikuwa wameshatangaza Jumatatu kwenye gazeti, wakaaibika, na wakubwa walitaka barua ya kuomba radhi kutoka kwa aliyekwamisha kazi.

"Mstari mmoja tu, dada. Utakupunguzia nini?"

"Nimewaandikia ripoti. Kurasa mbili, picha zimo."

"Ripoti si samahani."

"Najua."

"Niwaambie nini basi?"

"Waambie jaribio la sitini na tatu ni la kijani. Waambie pia nimeanza la sitini na nne. Radhi siombi."