Video Zenye Uchafu

Jirani yetu anadai mama amemuuza baba. Anasema alimwona kwa macho yake mawili, siku mama alipokwenda kutia sahihi kwenye kampuni ninayofanya usafi: aliingia na baba kwenye simu, akatoka bila baba. Baba mwenyewe alishazikwa, huu mwaka wa pili, na jirani mazishini alilia kutushinda sisi. Anachosema kimeuzwa ni sauti yake. "Zile video zao za zamani nimezitafuta, sioni hata moja," amewaambia watu bombani. "Kampuni imenunua sauti ya marehemu. Wanaifanyia nini, sijui. Mimi si mtu wa kusema mambo ya watu."

Haikuwa hivyo. Mama hajauza kitu. Aliyekosea ni mimi.

Mama ni fundi cherehani. Kifua kilipomwachisha baba kazi, alianza kumrekodi mama kwa simu: namna ya kubadili zipu, kupunguza kiuno cha suruali, kuziba tundu lisionekane. Picha zilikuwa na giza na honi za magari ziliingia humo humo, lakini baba nyuma ya simu hakukoma uchokozi. "Fundi wangu, hiyo suruali ni ya mtu mmoja au ya ukoo mzima?" Mama anacheka mpaka anapoteza uzi. Zikarushwa mtandaoni, watu wakazipenda.

Kampuni iko juu ya duka la rangi, vyumba vinne. Inasimamia watu zaidi ya mia wanaorusha video mtandaoni: inawatafutia wadhamini, inawapangia siku za kurusha, inawachagulia picha ya mbele ya kumvuta mtu abonyeze. Msimamizi tunamwita Bi Ratiba, maana hata chai anainywa kwa saa iliyoandikwa ubaoni. Ndiye aliyemchukua mama awe mmoja wa watu wao. Siku moja napiga deki mlangoni kwake, akaniambia, "Mwambie mama video zake za zamani zina uchafu mwingi, picha na sauti. Naomba ruhusa tuzifute."

Kufuta ndiyo kazi yangu. Shule ya msingi nilifuta ubao mpaka nikamaliza, na sikuendelea. Hapa nafuta meza, vioo, kompyuta kwa kitambaa kikavu. Kitu nikikifuta kinabaki pale pale, tena kinang'aa. Nikaupeleka ujumbe nyumbani kama nilivyopewa.

"Wazifute," mama akasema, pini mdomoni. "Simu ya baba yako ilikuwa na kioo kibovu. Ila waambie wasimguse baba yako kwa nguvu."

Tukacheka. Asubuhi nikamwambia Bi Ratiba, "Mama kasema mzifute." Lile la baba sikulifikisha. Nililiona utani.

Tangu hapo kila nikirudi mama ananiuliza, "Hawajamaliza tu? Au wamezianika?" Namjibu video ni nyingi, awape muda. Juzi ndipo nikamuuliza mhariri, tunayemwita Masikio kwa vile visikilizi vyake havivui. Akavua kimoja.

"Dada, mbona zilifutwa siku ile ile?"

"Ndiyo, sasa zilizofutwa ziko wapi?"

Akanitazama, akavua na cha pili. "Kufutwa ni kuondolewa," akasema taratibu. "Nyumbani hamna nakala?"

"Simu ya baba ilikufa kabla yake."

Akaniambia vinavyofutwa vinakaa kwenye pipa la kompyuta siku thelathini, na hiyo ilikuwa ya ishirini na nane. Neno la siri la pipa analo Bi Ratiba peke yake.

Nilipofika nyumbani, maneno ya bombani yalikuwa yameshanitangulia. "Eti nimemuuza?" mama akaniuliza. Nikakaa kwenye kiti cha wateja nikamweleza neno moja lilivyotuchezea. Alikunja nguo ya mtu, akaikunjua, akaikunja tena.

"Lakini nilisema mwenyewe," akasema. "Wazifute."

Sikumwambia habari za pipa. Niliogopa kumpa kitu cha siku mbili.

Jana sikuthubutu. Bi Ratiba alikuwa na wageni kutwa nzima. Leo, siku ya thelathini, nimemkuta peke yake, kabla ya saa ya chai, nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Wewe si ndiye uliyeniletea jibu?" akasema, bila ukali.

"Ni mimi, dada."

"Mdhamini wa nyuzi ameikubali chaneli ya mama ikiwa safi."

"Sitaki zirudi kwa watu. Naomba nipewe mimi, kwenye simu."

"Mkataba unasema kilichopita kwenye chaneli ni cha kampuni. Nikimpa mmoja, kesho wamejipanga mia hapo mlangoni."

Chini, mashine ya kuchanganya rangi ilikuwa inatikisa kopo.

"Kuna moja," nikasema. "Ya suruali ya ukoo mzima. Naomba hiyo tu."

Akautazama ubao wake wa saa. Kisha akageukia kompyuta, akaandika neno la siri, na kwenye kioo nilichokifuta asubuhi vikatokea vipicha vidogo vingi, vyote mikono ya mama. Mkono wa Bi Ratiba ulikuwa juu ya kipanya. Haubonyezi, hauondoki.