Oili ya Gari la Nderitu

Wepukhulu alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Imepungua. Tena! Alitazama huku na huku, na kisogoni akahisi macho ya Mzee Nderitu.

Mwaka huo wa sabini na nne, Kawangware nzima haikuwa na gari lingine kama lile: jekundu, la milango miwili, la mbio, jipya kabisa. Nderitu, mwenye ploti, alimkabidhi Wepukhulu aizoeshe injini mpaka itimize maili elfu moja. Na gereji ya Wepukhulu ilikuwa kibanda cha mabati ndani ya ploti ya huyo huyo Nderitu. Gari likiharibika, kibanda kimekwenda.

Masharti ya mzee yalikuwa mawili. Kwanza, lisipite maili thelathini kwa saa. "Liende kama bibi arusi," alisema. Pili, kila asubuhi liwashwe lingurume hapo hapo uani saa nzima, wapangaji walisikie wakinywa chai. Wepukhulu alikuwa fundi wa miaka kumi na mitano. Alijua injini mpya haibembelezwi hivyo. Hupandishwa mlima, ikasukumwa, ndipo vyuma vyake vikakaa sawa. Wiki ya pili akaona moshi wa buluu nyuma, moshi wa oili inayoungua. Akajiambia ati injini mpya zote hutoa moshi. Uongo mtupu! Lakini nani angethubutu kumwambia Nderitu kwamba analiua gari lake mwenyewe?

Basi mzee alipouliza, "Wee fundi, oili yangu inaenda wapi?" Wepukhulu alijibu, "Mzee, mimi jioni narudi Kibera. Anayebaki na gari ni mlinzi."

Mlinzi alikuwa Khamala, mtu wa kwao, jirani yake kule Kibera, mtaa wa Lindi, aliyemtafutia kile kibanda alipokuwa hana pa kushika spana. Khamala hakupiga kelele. Alilamba kidole, akagusa udongo, akakilamba tena, kiapo cha kwao. "Haki ya Mungu, nife kama nimegusa hiyo oili."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Nderitu, akamfukuza palepale. Wepukhulu aliinamia spana zake.

Tangu hapo mzee hakumwamini hata kuku. Alifunga boneti kwa mnyororo na kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Wepukhulu akitoka, alinuswa mikono. Jumamosi Nderitu akafungua mwenyewe, akapima mwenyewe. Oili ilikuwa imeshuka kidole kizima.

"Nani amefungua?"

"Hakuna, mzee." Fundi alionyesha bomba la moshi. "Injini inaichoma yenyewe. Tumeidekeza mno."

Nderitu alikirudisha kile kijiti mahali pake. Kisha akamrushia funguo. "Panda nalo Ngong. Lisukume."

Wiki nzima walipanda na kushuka vilima, mzee kando yake akicheka kama mtoto, na kufikia Ijumaa moshi ulikuwa umekwisha. Kibanda kimepona! Wepukhulu akapata ujasiri wa kuuliza, "Na Khamala, mzee?"

"Mwambie arudi kazini," alijibu Nderitu, kana kwamba anarudisha sufuria ya kuazima.

Wepukhulu alishuka Lindi mbio mbio, furaha imemjaa. Khamala alikuwa ameketi mlangoni na mkewe, Nabwire, wakimenya viazi vitamu.

"Ndugu yangu, mzee anasema urudi! Imejulikana, ilikuwa ni injini tu. Hakuna aliyejua."

Khamala aliweka kisu chini. "Hakuna aliyejua?"

"Hakuna."

"Hata wewe, fundi?"

"Hata mimi."

Khamala akamwonyesha ardhi mbele ya miguu yake. "Basi lamba udongo."

Wepukhulu alilamba kidole. Akainama. Kidole kikasimama shibiri moja juu ya udongo, na hapo kikakataa kushuka. Nabwire aliokota viazi vyake, akaingia ndani. Khamala alibaki ameketi, akikingoja kidole kile, mpaka kikakauka.