Mishono ya Bibi

Saa tatu asubuhi, siku ya maziko, Mjomba aliketi kwenye meza ya kukatia vitambaa, akasukuma mkasi na chaki pembeni, akaanza kusoma wasifu wa mama yake kwa sauti ili wenzake wasikilize kama una makosa. Walikuwa watu kumi na wanne sebuleni, na wote, isipokuwa mjukuu mmoja, walivaa nguo alizoshona marehemu. Hilo lilikuwa agizo la Mjomba mwenyewe. Alitaka picha zipendeze.

"Marehemu alikuwa mwanamke mpole," alisoma, "asiyeinua sauti wala kubishana na mtu."

Mshono wa koti lake ukafumuka taratibu kuzunguka bega la kulia, na mkono wa koti ukaanguka juu ya meza. Mama Mdogo, dada yake, alimpa pini. Mjomba akabana, akageuza ukurasa.

Mpole! Bibi alimwambia mwalimu mkuu mbele ya wazazi, huku akimpima kiuno, kwamba tumbo lake limepanda madarasa mengi kuliko wanafunzi wake. Mteja aliyemharakisha alishonewa suruali isiyo na mifuko. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Alikata uzi kwa meno hata yalipobaki manne, na akikasirika, mtaa mzima ulijua nani kakosa na kakosa nini. Watoto walimpenda kupita kiasi. Watu wazima walimpenda wakiwa mbali kidogo.

"Aliishi na mumewe kwa amani miaka arobaini na moja," Mjomba aliendelea.

Gauni la Mama Mdogo likaachia mbavuni, kushoto na kulia. Fundi viatu wa jirani, aliyekaa karibu na mlango, aliitazama suruali yake ikigawanyika, akavua kofia na kuiweka mapajani.

"Huyu mama hajabadilika," alisema.

"Tuendelee," alisema Mjomba.

Katika miaka hiyo arobaini na moja, tisa mume aliishi kwa mwanamke mwingine. Asubuhi aliyoondoka, Bibi alifumua kila nguo aliyopata kumshonea, akavipiga pasi vipande, akavikunja, akamkabidhi ndani ya mfuko, vimepangika vizuri. "Mwambie huyo wa huko akushonee," alimwambia. Mume alirudi mgonjwa. Bibi alimuuguza, akamshonea shati moja, na ndilo alilozikwa nalo.

Mjukuu asiyevaa nguo ya Bibi alikuwa amesimama karibu na cherehani, amevaa ovaroli ya kazi aliyojishonea mwenyewe. Bibi alimwita Subana, kama kile kikofia cha chuma ambacho washonaji huvaa kidoleni, kwa sababu tangu mama yake afariki hakubanduka mkononi mwa Bibi. Alilala nyumba hiyo, alifanya kazi nyumba hiyo, na hakuwa na kwingine. Alikuwa akisubiri sentensi moja tu. Ilikuwa ukurasa wa pili.

"Alijishughulisha na ushonaji mdogo mdogo," alisoma Mjomba bila kupepesa macho, "katika nyumba hii aliyojengewa na mumewe mpendwa."

Hapo kila kitu kiliachia kwa pamoja. Makoti, magauni, kola, mikanda, mapazia ya madirisha mawili na foronya zote za mito ya viti. Vipande vilishuka sakafuni bila kelele. Waombolezaji walibaki na nguo zao za ndani za dukani, na kila mmoja aliokota kilichokuwa karibu naye.

Bibi aliijenga nyumba hiyo chumba kwa chumba. Chumba cha mbele kiliitwa Sare, kwa kuwa kilitokana na sare za shule mbili. Jiko liliitwa Mapazia ya Hospitali. Ofisi ya ardhi ilikataa kuandika jina la mke wakati mume yupo hai, hivyo hati iliandikwa jina la mtu ambaye hakujua hata kiwanja kiko upande gani. Kila aliyekuwa sebuleni alilijua hilo. Mama Mdogo mwenyewe alibeba maji ya kufyatulia matofali akiwa na miaka kumi. Lakini Mjomba alikwishamwahidi muuza simu chumba cha mbele kuanzia Jumatatu, na katika mtaa ule, kilichosomwa kaburini bila kupingwa ndicho watu walichokuja kuapia baadaye.

"Mjomba, hiyo si kweli," alisema Subana.

"Leo si siku ya maneno."

"Mbona wewe umeandika kurasa tatu?"

"Koma!" alisema Mama Mdogo, amejiziba kwa mto usio na foronya. "Wewe ni mtoto wa binti. Nyumba ina wenyewe. Usije ukajipenyeza kwenye msiba wa watu."

Msiba wa watu. Subana ndiye aliyemwogesha Bibi miezi saba, na Mama Mdogo alifika mara mbili, mara ya pili akiulizia sahani za udongo.

"Gari linakuja saa nane," alisema Subana. "Mtatokaje?"

Fundi viatu alikohoa.

"Tushonee," alisema Mjomba.

"Nitawashonea. Sentensi ibadilike kwanza. Andika kwamba alijenga mwenyewe, kwa cherehani yake."

"Kwani hilo ndilo linalokuliza siku zote hizi? Haya." Mjomba alipapasa mfuko wa kalamu, lakini mfuko ulikuwa sakafuni. Akachukua chaki ya meza, akakata mstari, akaandika maneno hayo pembeni. Subana aliyasoma. Aliitumia chaki ile kila siku ya maisha yake, na kila siku aliipangusa kazi ikiisha. Lakini watu kumi na watatu walikuwa uchi na saa zilikuwa zinakwenda. Akatunga uzi kwenye sindano.

Alishona hadi saa saba na nusu kama alivyofundishwa: mshono mara mbili, na kila mwisho mafundo matatu. Alipomaliza, alivaa gauni la mwisho Bibi alilomshonea, la buluu, la vipande kumi na viwili. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango na halikufumuka. Bibi hakuwa na ugomvi na nguo isiyo na mtu ndani.

Makaburini, Mjomba alitoa karatasi mfukoni. Chaki ilikuwa imegeuka vumbi. Aliipuliza, akashika kipaza sauti.

"Marehemu alikuwa mwanamke mpole."

Akagusa bega lake. Bega, kwa mshono wa Subana, lilishika. Sauti yake ikapanda.

Mkono wa kushoto wa gauni la buluu ukaanguka kwenye udongo. Kwenye neno amani ukafuata wa kulia. Kwenye ushonaji mdogo mdogo ikatoka kola. Subana alitafuta pini, lakini pini zote zilikuwa kwenye nguo za wengine.

"Mjomba, sentensi," alisema.

"Katika nyumba aliyojengewa na mumewe mpendwa," alisoma Mjomba, na vipande tisa vilivyobaki vikamwacha Subana na shumizi mbele ya mtaa mzima.

"Kuna mwenye la kuongeza?" aliuliza Mjomba.

"Aliijenga yeye," alisema Subana, mikono imefumbata kifua. "Mnajua wote."

Hakuna aliyemtazama Mjomba. Fundi viatu aligusa kola yake, akaikuta imara, akainamia viatu vyake. Mama Mdogo alimrushia Subana shuka.

"Jisitiri!" alisema. "Hata leo huna haya?"

Kwa hiyo ikahesabiwa kwamba hakuna aliyepinga. Watu walimtupia Bibi udongo, mpole, mke wa amani, kisha wakarudi kwenye magari wakinyoosha nguo zao na kusifu jinsi zilivyowakaa. Subana aliokota vipande vyote kumi na viwili, akavikunja kimoja kimoja. Alichukia mikono yake kuliko alivyowachukia wao.

Jumatatu alimkabidhi Mama Mdogo funguo. Muuza simu aliingia kwenye chumba cha Sare saa nne.

Mjomba alilivaa koti lile siku ya kubadilisha hati iwe ya jina lake, na aliendelea kulivaa kwa miaka kumi na moja. Halikutoka hata kifungo.